Kanda Yenye Uzi Mwekundu

Kihesa, Iringa
20 Novemba 1977

Mdogo wangu Leokadia,

Pokea salamu zangu, za wifi yako Verediana, na za mama. Yeye hakuzitamka kwa mdomo, lakini mimi nazihesabu kuwa zimo. Sote wazima isipokuwa yeye. Miguu bado imevimba. Daktari anasema moyo wake umechoka na asifikirie safari ya kurudi Usangu kwa sasa. Ng'ombe wanaangaliwa na mjomba Kashindye, kwa hiyo hilo tumelitua.

Sasa sikia habari yangu. Nimepata rekoda! Padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao ameniachia, pamoja na maiki yake na boksi la kaseti. Wewe unajua, miaka yote hii nafundisha kwaya ya kigango, wimbo ukiisha umeisha, watu wanakwenda kula. Sasa nawakusanya sebuleni kwangu kila Jumamosi. Natundika mablanketi madirishani, Verediana anafukuza kuku, naomba kimya, nabonyeza. Shida ni kwamba kwaya ni watu. Silvester anakohoa katikati ya beti. Kina mama wakishaanza kucheka hawanyamazi. Tunarudia, tunarudia tena, na jioni ninabaki na wimbo mmoja mzuri na kanda tele za makapi. Na madukani kanda mpya hakuna. Ukiulizia, muuzaji anakuangalia kama umeomba mkono wa binti yake.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kila kanda naisikiliza mwanzo wake tu. Nikikuta wimbo umeanza vizuri, naitunza, tena navunja vile vimeno viwili vya mgongoni ili asiweze mtu kurekodi juu yake. Nikikuta kelele, au kikohozi, au kimya, naiweka upande wa kusafishwa. Siionei huruma. Ukisema usikilize kila takataka hadi mwisho, utazeekea kwenye kiti.

Nina maombi mawili. La kwanza, Asukile wako anapenda muziki na anafika Tunduma kwa biashara yake ya mchele. Kama ana kanda asizozihitaji, nitumie. La pili ni kubwa kuliko hilo. Njoo umwone mama. Barua yako ya mwisho nilipoisoma kwa sauti, alijifanya amelala, lakini nilipofika mwisho akaniambia nirudie pale uliposema mtoto ameota meno.

Ni mimi kaka yako,
Mwl. Bartolomeo Nkuba


Chimala
4 Desemba 1977

Kaka Bartolomeo,

Shikamoo. Nimeicheka barua yako mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Yaani umewatundikia watu mablanketi madirishani, Iringa na baridi yake yote, na bado unataka waimbe! Pole zao. Na Verediana mwambie asichoke, kuku watarudi naye ataendelea kuwafukuza hadi uzeeni.

Kanda nimekupatia tatu. Dereva Yotamu anakuletea na lori la mchele. Nimezifunga kila moja uzi mwekundu ili zisichanganyike na mizigo ya watu. Humo ndani ni makelele ya vilabuni ambayo Asukile aliyarekodi enzi za ujana wake, ananiudhi akiyapiga. Wewe zisafishe zote. Usijisumbue hata kuzisikiliza. Ukiona uzi mwekundu, jua hamna cha maana ndani.

La mama umelisema kama vile hujui. Kaka, wewe ulikuwepo. Ng'ombe wa watu, mahari yangu, walikuwa wameshaingia zizini kwetu, baba anaumwa, na mimi nikamfuata Asukile. Mama ndiye aliyewarudisha wale ng'ombe, mbele ya macho ya watu wote, peke yake na fimbo yake. Akaja mpaka mlangoni kwangu hapa Chimala, hakuketi, hakunywa maji. Akasema, "Nikifa, mkono wako usiguse udongo wangu." Akageuka.

Nina watoto sasa. Usiku mwingine nawaangalia, najiuliza nitazikwa na mkono gani mimi niliyekatazwa kumzika mama yangu. Sitanii katika hili.

Sisi tulivyolelewa unajua. Neno la mzazi linarudishwa na kinywa kilekile kilicholitoa. Anakaa kwanza kimya, muda mrefu, moyo utulie. Anaweka maji mdomoni, anakupulizia. Ndipo anaanza kusema. Haiji kwa barua, haiji kwa mdomo wa kaka. Kwa hiyo usinipikie salamu ambazo hakuzitoa. Siku akiniita yeye, hata mvua iwe ya mawe nitafika.

Msalimie, hata akijifanya amelala.

Leokadia


Kihesa, Iringa
29 Januari 1978

Mdogo wangu,

Kanda zimefika salama, nyuzi zake na vumbi lake. Mbili nilizisafisha siku ileile na kwaya imeshaimba juu yake. Ya tatu mama aliiona mezani, akauliza ule uzi ni wa nini. Nikamwambia ni ya Leokadia. Akaichukua, akaigeuza geuza mkononi, hakuirudisha. Nimemwachia aichezee.

Anaidadisi sana mashine siku hizi. Jana aliniuliza kwa Kiswahili chake kile, Verediana naye asikie, "Hii inashika hata sauti ya mtu mzee?" Nikamwambia inashika ya kila mtu, na hata mtu akiwa mbali ataisikia vilevile ilivyotoka. Akauliza, na mtu akishakufa je? Nikamkemea aache maneno ya kifo. Alicheka.

Leokadia, hali si nzuri. Uvimbe umepanda. Wiki ijayo nakwenda Nyololo kwenye semina ya walimu na roho yangu haitulii kumwacha. Achana na mambo ya kale. Njoo.

Kaka yako,
Bartolomeo


Chimala
16 Februari 1978

Kaka,

Mvua imetushika. Bonde lote huko chini ni maji, mjomba Kashindye amehamisha ng'ombe mara mbili. Lakini sitasingizia mvua, barabara kuu inapitika, malori yanakuja huko kila siku.

Umeandika "njoo". Hiyo njoo ni ya nani? Ni yako au ni yake? Niandikie maneno yake mwenyewe, hata moja. Niandikie, "Mama amesema Leokadia aje." Ukiandika hivyo nitapanda gari la kwanza na mtoto mgongoni. Lakini ukisema tu njoo, nitafika, nitasimama mlangoni, naye atageukia ukutani, na hapo nitakuwa nimefukuzwa mara ya pili. Ya kwanza tu sijamaliza kuilia.

Unaniona mkaidi. Mimi ni mwoga, kaka. Hiyo ndiyo kweli yenyewe.

Leokadia


Kihesa, Iringa
27 Machi 1978

Leokadia,

Naandika na hasira, kwa hiyo salamu zisubiri.

Telegramu ilikufikia. Tulikungoja. Mwili uliingia kanisani tukachelewesha kidogo kwa ajili yako, padri anatazama saa. Halafu makaburini, wakati watu wanapanga mstari kutia udongo, nani anainua macho? Verediana. Akaninong'oneza, "Yule pale ukutani si wifi?" Umesimama nje ya ukuta wa makaburi, khanga umejifunika mpaka puani, kama mpita njia. Ulidhani hatutakujua? Niliacha mstari nikufuate. Nilipofika barabarani ulikuwa umeshapanda lori.

Mtoto wa pekee wa kike wa mama yetu Ng'washi! Wajukuu wa watu wametia udongo, majirani Wahehe ambao mama hakuwajua hata majina wametia udongo, na wewe umerudi Chimala na mikono safi. Watu waliniuliza uko wapi.

Sikutaka kukuandikia kabisa. Verediana ndiye aliyenisukuma, anasema una uchungu wako. Basi nimekufanyia jambo moja. Ule wimbo ambao kwaya iliuimba tukimshusha kaburini, nimeurekodi, na safari hii hakukohoa mtu. Umetoka safi, sijawahi kurekodi kitu safi namna hiyo. Nimeusafishia kanda yako ileile ya tatu yenye uzi mwekundu, kwa kuwa ni mali yako na nilitaka irudi kwako ikiwa na kitu cha maana. Yotamu ataileta pamoja na barua hii. Isikilize. Labda itakusaidia kulia kama watu wengine.

Bartolomeo


Chimala
15 Aprili 1978

Kaka,

Nilikuja kwa sababu alikuwa mama yangu. Nilisimama nje kwa sababu nilikatazwa na yeye, na marehemu habishiwi. Ningetia udongo ule, ningekuwa nimemshinda nguvu kwa kuwa amelala hawezi kunizuia. Hilo ndilo lingekuwa aibu.

Nilisikia kwaya kutoka pale ukutani. Sikuweza kuimba nao, ingawa wimbo naujua.

Kanda imefika. Sijaisikiliza. Redio kaseti ya Asukile haina betri na hapa Chimala betri ni za kuota ndotoni. Hata zikipatikana, sijui kama ninaitaka kwaya kwa sasa. Nimeiweka kabatini na uzi wake. Asante kwa kujisumbua.

Usinichukie sana. Nimebaki na wewe tu.

Leokadia


Chimala
11 Juni 1978

Kaka Bartolomeo,

Nijibu upesi. Barua hii Yotamu anakukabidhi mkononi, na nimemwambia asiondoke Iringa bila jibu.

Mavuno yameisha, Asukile amepata betri Tunduma. Jana nimejitia moyo nikaiweka ile kanda. Kwaya ikaimba mpaka mwisho. Ni nzuri, umefundisha watu. Nikakaa tu, sikuizima, mikono yangu ilikuwa kwenye unga. Kanda ikaendelea kuzunguka bila kitu. Mara nikasikia kitufe kinagonga, halafu nikamsikia mama.

Kaka, mama! Ndani ya nyumba yangu! Niliuacha unga pale pale, nikapiga magoti mbele ya redio kama mwehu.

Anasema, kwa Kiswahili, "Imeshika?"

Verediana anajibu, "Imeshika, mama."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Basi zima. Hii ya Leokadia. Musitie kitu ingine juu yake."

Halafu basi. Nimerudisha nyuma, nimesikiliza tena na tena mpaka Asukile amenizuia kwa kuogopea betri. Kabla ya "imeshika" hakuna kitu isipokuwa kwaya yako.

Nini kilichoshika? Alisema nini kabla ya pale? Iko wapi hiyo yote? Kama unayo kwenye kanda nyingine, nakuomba kwa jina la baba yetu, nitumie. Sitauliza kwa nini ulinificha.

Leokadia


Kihesa
13 Juni 1978

Wifi Leokadia,

Kaka yako ameisoma barua yako, amekaa nje kwenye jiwe. Kwa hiyo naandika mimi, na mwandiko wangu uuvumilie, shule niliacha mapema.

Wifi, mimi nilidhani umesikia. Tangu mwezi wa tatu nadhani umesikia. Nikawa nasema moyoni, huyu mtu ana moyo wa chuma, ameambiwa yale maneno na hata asante hakuandika. Nakuomba radhi kwa kuwaza hivyo.

Ilikuwa wiki ile mume wangu yuko Nyololo kwenye semina. Asubuhi mama akaniita, akaitoa ile kanda chini ya mto wake. Akasema, "Washa." Najua kuwasha, nimemwona mume wangu. Nikaweka maiki mbele yake. Yeye akakaa kimya. Mimi nikafikiri amesahau, nikataka kuzima, akanikataza kwa mkono. Kimya kirefu, wifi, kuku wakaingia mpaka ndani, sikuthubutu kuwafukuza. Akaniashiria maji. Nikamletea kwenye bakuli. Akayatia mdomoni, akayapuliza kwenye maiki, fyuuu! Niliruka nikaifuta na khanga yangu, naogopa mashine ya watu itaharibika. Alinitazama vibaya sana. Ndipo akaanza kusema.

Kisukuma mimi sikijui, mnaokifahamu ni wewe na kaka yako. Alisema muda mrefu. Jina lako nililisikia mara nyingi. Jina la Asukile nalo nililisikia. Pale kwenye jina la Asukile alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akaendelea. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Mimi ni mama, sauti ya ugomvi naijua katika lugha yoyote. Mwishoni alinyoosha mikono yote miwili, hivi, kama mtu anayempa mwenzake kitu akipokee.

Halafu akaniambia ni ya kwako, si ya kwaya na si ya mume wangu, nikupe wewe mkononi. Ikarudi chini ya mto wake. Alipofariki, kina mama walikunja matandiko, kanda ikawekwa mezani pamoja na nyingine. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria za msiba. Nilisema nitakupa ukija. Ukaja, ukaishia ukutani. Baadaye nikamwona mume wangu anaifunga kwenye karatasi akuletee, naona uzi mwekundu, nikafurahi. Nikasema Mungu ameifikisha mwenyewe. Sikujua kama ameshaimba juu yake.

Kama ningefungua mdomo wangu hata siku moja! Lakini mama alisema si ya mume wangu, na mimi maneno ya mkwe nayaogopa.

Nisamehe, wifi.

Verediana


Kihesa, Iringa
14 Juni 1978

Leokadia,

Sina kanda nyingine. Ilikuwa ni hiyo.

Nitakuambia nilivyofanya, usije ukadhani nilificha. Baada ya matanga kwaya ilikuwa inakuja na kanda safi sina. Niliona yenye uzi mwekundu mezani. Wewe ulisema zenye uzi hazina cha maana, na mimi nilishasahau kwamba mama aliichukua. Hata hivyo niliiweka mashineni, kwa utaratibu wangu. Nikasikia kimya. Kuku. Kimya tena. Nikasikia maji, nikasema Verediana anaosha vyombo. Nikazima. Nikairudisha mwanzo, nikaita kwaya.

Maji, Leokadia. Mimi Msukuma, mtoto wa Ng'washi, niliyepuliziwa maji na mama huyohuyo siku nakwenda chuo cha ualimu, nilisikia kimya, nikasikia maji, na sikujua ninachokisikia. Mtu mwingine angesamehewa. Padri yule angesamehewa. Mimi nilikuwa najua kila kitu, ila nilikuwa natafuta wimbo. Ningevumilia punde tu, ningesikia neno lake la kwanza.

Nimekwenda kwa fundi wa redio mjini, Fanueli, ambaye hata wazungu wa misheni humpelekea vitu vyao. Nikamweleza. Akanihurumia, akaniambia ukweli: kilichorekodiwa juu kimekula cha chini. Kilichobaki ni kile kipande ambacho kwaya yangu haikukifikia. Laiti tungeimba ubeti mmoja zaidi, hata hicho kisingekuwepo. Laiti tungeacha beti mbili, nani ajuaye.

Nilikuandikia kwamba sijawahi kurekodi kitu safi namna ile. Naona haya hata kuyaona maneno hayo kichwani.

Mashine nimeifunika na blanketi. Kwaya waliuliza, nimewaambia ni mbovu.

Dada, njoo utie udongo. Mimi kaka yako mkubwa nakuambia, umeachiliwa. Verediana ataapa mbele ya padri, mbele ya mjomba Kashindye, mbele ya yeyote umtakaye. Mama alikurudishia neno lake. Njoo.

Bartolomeo


Chimala
2 Julai 1978

Kaka yangu,

Shikamoo.

Nilikaa na barua zenu zote mbili siku nyingi bila kujibu. Nilikasirika. Nilimwambia Asukile nitakuja huko niivunje hiyo rekoda kwa mchi. Akaniuliza, "Na aliyeandika zisafishwe zote ni nani?" Nikamtukana. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu ni mimi. "Usijisumbue hata kuzisikiliza." Mkono wangu huu ndio ulioandika. Uzi nimeufunga mimi mwenyewe.

Na mama aliichagua hiyo kwa sababu ya uzi. Angechukua nyingine yoyote pale mezani, labda ungesita. Alitaka iliyotoka kwangu ili irudi kwangu.

Kwa hiyo tugawane, kaka. Usiubebe peke yako, wewe tangu utoto ukibeba kitu unataka kila mtu akuone unavyohema.

Unasema nimeachiliwa. Sijui. Verediana aliona mikono, alisikia sauti, namwamini kabisa. Lakini maneno hakuyajua, na wewe ambaye ungeyaelewa hukuyasikia. Labda alisema njoo ushike udongo wangu. Labda alisema nakusamehe la Asukile lakini la udongo libaki. Mama unamjua, alikuwa na uwezo wa kucheka na kukataa kwa pumzi moja. Sitalijua. Nitakufa bila kulijua, na watoto wangu wataniuliza na nitawaambia sijui. Hilo linauma kuliko lile katazo lenyewe, kwa sababu katazo nilikuwa nimelizoea.

Betri zimeisha nguvu sasa, sauti ya mama imekuwa nzito, inaburuta. Juzi nimeiweka mara ya mwisho. Niliiacha kwaya iimbe, sikuipeleka mbele. Nikawa nawaza, humu chini ya wimbo ndimo alimokaa kimya. Hapa ndipo maji. Hapa sasa ananitaja. Kwaya ikaisha. Akauliza, "Imeshika?" Verediana akajibu kama kawaida yake. Na mimi, sijui nilipatwa na nini, nikajibu naye, kwa sauti, mbele ya mume na watoto, "Imeshika, mayu." Ndiyo mara yangu ya kwanza kusema na mama tangu siku ile mlangoni.

Nimevunja vile vimeno viwili vya mgongoni, kwa kisu. Haitaimbiwa tena juu yake.

Nakuja Jumamosi na lori la Yotamu. Mwambie Verediana, si wewe, twende naye makaburini asubuhi, sisi wawili. Aje na bakuli lilelile la maji. Yeye ndiye ambaye mama alimwachia kanda nipewe mkononi, basi achote udongo yeye, aniwekee mkononi kama mama alivyonyoosha. Sitachota mwenyewe. Nikiupokea na ukatulia mkononi, nitautia. Nikishindwa, nitamrudishia, tutakunywa chai, na wala msinilazimishe.

Wewe utakuja nyuma baadaye, ukitaka, na ukae kimya kirefu kama alivyokaa yeye.

Na ile mashine, kaka, iache nyumbani.

Mdogo wako,
Leokadia